Kupaka Rangi Vigeu katika Kihariri cha Msimbo

Katika uandishi wa programu, kigeu ni jina linalotunza thamani inayoweza kubadilika. (Lisichanganywe na kigeugeu, neno la kumsema mtu asiye na msimamo.) Kwa kawaida kihariri cha msimbo hupaka rangi kwa kufuata aina ya neno: maneno maalumu ya lugha ya programu hupata rangi moja, matini iliyo ndani ya alama za kunukuu rangi nyingine, na vigeu, hata vikiwa ishirini, huvaa sare. Upakaji unaofuata kigeu huvunja sare hiyo. Kila jina hupewa rangi yake, na rangi hiyo huliandama popote litokeapo.

Kwa anayetumia majina ya Kiswahili, hili si suala la urembo. Kiingereza huonyesha wingi wa nomino nyingi mwishoni. Kiswahili huuonyesha mwanzoni, na mara nyingi kwa herufi moja tu. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika programu ya Python ya kuhesabu vitenzi vya kauli ya kutendesha vyenye -ish-:

def hesabu(vitenzi):
    jumla = 0
    for kitenzi in vitenzi:
        if "ish" in vitenzi:
            jumla = jumla + 1
    return jumla

Programu haikulalamika. Mstari wa nne ulipaswa kuchunguza kitenzi kimoja kimoja. Badala yake uliuliza iwapo orodha nzima ina kipengele ambacho ni "ish" peke yake. Hakikuwamo. Jumla ikabaki 0, na rasimu ya tasnifu ikatangaza kwamba matini aliyoichunguza haina hata kitenzi kimoja cha namna hiyo. Mimi mwenyewe niliusoma msimbo huo mara mbili bila kuona kitu. Tulipowasha rangi za vigeu, kitenzi kikawa kijani, vitenzi rangi ya chungwa. Mstari wa nne, uliotarajiwa kuwa na kijani, ulikuwa na chungwa.

Katika PyCharm na IntelliJ IDEA, fungua "Settings", kisha "Editor", "Color Scheme" na "Language Defaults". Hapo chagua "Semantic highlighting", weka alama kwenye kisanduku chake, na urekebishe rangi upendavyo. KDevelop nayo huweza kukipa kila kigeu cha ndani ya funksheni rangi yake. Visual Studio Code ina mpangilio wenye jina kama hilo, lakini wenyewe hutofautisha aina za majina, kwa mfano kigezo cha funksheni na kigeu cha kawaida, wala si kigeu kimoja na kingine; anayetaka hilo hana budi kusakinisha kiendelezi.

Asiyetofautisha vyema nyekundu na kijani aanzie kwenye buluu na njano. Na funksheni ikiwa na vigeu vingi mno, rangi huanza kufanana. Kwa sababu hiyo nilimshauri mwanafunzi abadilishe pia jina lenyewe: orodha sasa inaitwa orodha_ya_vitenzi.