Utafiti wa kiangazi: Wanaolenga udaktari ng'ambo wasome masharti kabla ya kubisha hodi

Kila ifikapo Juni, baridi inapotanda juu ya vilima vya Iveti na wakazi wa mji wa Machakos wakaanza kuvaa makoti, baadhi ya wazazi huwa wanahesabu siku. Mwana aliyekwenda Marekani kusoma amefunga chuo kwa likizo ndefu ya kiangazi, na nyumbani anangojwa. Badala ya kuja, hupiga simu na kueleza kwamba amepata, au bado anatafuta, nafasi ya wiki kumi katika maabara ya utafiti.

Mzazi aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe anasomea udaktari hubaki na maswali mawili. Mbona daktari mtarajiwa ashinde akihesabu seli za panya badala ya kumpima mgonjwa? Na kama nafasi hizo zina manufaa makubwa hivyo, mbona kijana mwenye alama nzuri aombe mara saba na kuambulia patupu?

Jibu la swali la kwanza limo katika tofauti ya mifumo ya elimu. Hapa Kenya, mwanafunzi aliyefanya vyema katika mtihani wa KCSE huweza kupangiwa masomo ya udaktari moja kwa moja kupitia shirika la KUCCPS. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, shahada hiyo huchukua miaka sita, kisha mhitimu hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja akiwa daktari mwanagenzi.

Marekani njia ni nyingine. Mwanafunzi husoma kwanza shahada ya miaka minne, mara nyingi ya biolojia au kemia, akafanya mtihani uitwao MCAT, kisha akaomba kujiunga na chuo cha utabibu kwa miaka minne mingine. Kwa hiyo, katika miaka ile minne ya kwanza yeye si mwanafunzi wa udaktari kwa maana inayofahamika hapa nchini. Ni mwombaji anayejiandaa. Atakapoomba, atapimwa kwa alama zake, kwa matokeo ya MCAT, kwa muda aliotumia kuwahudumia wagonjwa na, katika vyuo vingi, kwa kazi ya utafiti aliyoifanya. Likizo ya kiangazi ndiyo nafasi yake kubwa ya kuifanya kazi hiyo bila kubanwa na masomo ya darasani.

Programu zenyewe hufanana kwa mambo mengi. Hudumu kati ya wiki nane na kumi, kuanzia mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Mwanafunzi hukabidhiwa kwa mtafiti mkuu, akapewa sehemu ndogo ya mradi unaoendelea, na mwishoni akaeleza matokeo yake mbele ya watafiti na wanafunzi wenzake. Aghalabu hulipwa posho, na nyingi humpa malazi au kuchangia nauli. Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani (NSF) umekuwa ukifadhili nafasi za aina hii tangu mwaka 1987 kupitia mpango uitwao REU. Vyuo vya utabibu pia vina programu zao.

Swali la pili ndilo linalowaumiza vijana wengi, na jibu lake mara nyingi halihusiani na alama. Linahusu chanzo cha fedha. Sharti la mpango wa REU ni kwamba mwanafunzi anayelipwa kwa fedha zake awe raia wa Marekani au mkazi wa kudumu wa nchi hiyo. Programu nyingine nyingi zinazotegemea fedha za umma zina sharti kama hilo. Msichana wa kutoka Mwala au Kathiani aliyekwenda huko kwa viza ya mwanafunzi anaweza kuwa wa kwanza darasani, akaandika insha bora na kupata sifa tele kutoka kwa maprofesa wake, na bado faili lake lisisomwe. Hakukosea katika kujieleza. Alibisha mlango ambao haukuwa wake.

Hasara yake si ndogo. Kila ombi hudai siku kadhaa za kuandika na kuandika upya, na barua kutoka kwa walimu wenye shughuli nyingi. Aliyepoteza juhudi hizo kwa milango iliyofungwa hufika Machi akiwa amechoka, ilhali makataa ya milango iliyokuwa wazi yamekwisha kupita. Huenda pia akaamini kwamba hafai kuwa daktari, na akaiacha njia hiyo kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuusoma.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza si kuandika insha. Ni kuzigawa programu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni lile la programu za raia na wakazi wa kudumu pekee. Hizo ziwekwe kando bila majuto.

Fungu la pili ni fedha za chuo anachosoma mwanafunzi mwenyewe. Vyuo vingi vina akiba ya kuwalipa wanafunzi wanaobaki likizoni kufanya utafiti na maprofesa wao, na mara nyingi fedha hizo hazibagui uraia. Zaidi ya hayo, mwenye viza ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo chake hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na saa zote za kazi wakati wa likizo. Hapa ndipo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeanzia. Wanaoomba ni wale wa chuo hicho tu, na profesa anayemfundisha anaweza kuwa ndiye mwenye maabara.

Fungu la tatu ni vyuo na taasisi nyingine zinazopokea wasio raia kwa kutumia fedha za wafadhili binafsi. Ushindani huko ni mkali, kwa kuwa kila aliyefungiwa kwingine hukimbilia huko. Kuna pia sharti la kisheria. Kabla ya kuanza kazi nje ya chuo chake, mwenye F-1 hupaswa kupata idhini ya mafunzo ya vitendo kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kwa kawaida idhini hiyo hutolewa baada ya mwaka mzima wa masomo. Kufanya kazi ya malipo bila idhini kunaweza kumpotezea haki ya kuendelea kuishi na kusoma nchini humo.

Hata aliye na haki ya kuomba kila mahali hana hakika. Mwaka 2025, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH) zilifuta programu yao kubwa ya kiangazi ya mwaka huo, na baadhi ya programu za REU nazo zikasitishwa wakati serikali ilipopunguza fedha za utafiti. Waliokuwa wameelekeza matumaini yao yote sehemu moja walilazimika kuanza upya makataa mengi yakiwa yamepita.

Kuhusu wakati, makataa mengi huangukia kati ya Novemba na Februari, miezi minne hadi saba kabla ya kazi kuanza. Anayengoja Aprili ndipo aulize habari za Juni amechelewa. Orodha ya programu na masharti yake ingekuwa tayari kufikia Oktoba, na walimu wa kuandika barua za mapendekezo waombwe angalau wiki nne kabla ya makataa.

Barua hizo ndizo huwakwaza wengi waliolelewa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza mbele yake. Profesa wa chuo cha Marekani hutenga saa za kuonana na wanafunzi, na hutarajia waje na maswali. Anayefanya vyema katika mitihani lakini hajapata kumkaribia mwalimu wake atapata barua fupi inayosema kwamba alipata alama ya juu, jambo ambalo hati ya matokeo imekwisha kulisema. Aliyezoea kwenda kuuliza ataandikiwa namna anavyofikiri, anavyopokea masahihisho na anavyoendelea jaribio linaposhindwa. Hayo ndiyo mtafiti mkuu anayotaka kuyajua kuhusu mtu atakayemkabidhi vifaa vyake kwa wiki kumi.

Kisha ndipo huja insha. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuanza kwa kueleza kwamba mwombaji ametamani kuwasaidia wagonjwa tangu utotoni. Wasomaji wa maombi wamekwisha kuyasoma hayo mara nyingi. Wanatafuta swali: mwombaji aliona nini, alijiuliza nini, amesoma nini kuhusu jambo hilo, na maabara anayoiomba itamfunza nini ambacho hana.

Kwa upande huu, mwana wa Machakos hana haja ya kuazima. Kuanzia mwaka 1973, watafiti wa Kenya na Uholanzi waliendesha katika maeneo ya Matungulu na Mbiuni mradi wa afya ya mama na mtoto ambao bado unatajwa katika maandishi ya kitaaluma. Wasaidizi wa utafiti walitembelea boma hadi boma kila baada ya wiki mbili, miongoni mwa watu wapatao 24,000, wakiandika waliozaliwa, waliokufa na watoto waliopatwa na surua au kifaduro. Matokeo yalikusanywa katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1984.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Kenya na Uingereza waliwatibu watoto wa shule za Machakos waliokuwa na kichocho, kisha wakafuatilia jinsi walivyoingia mtoni. Baadhi yao, hasa wenye umri mkubwa zaidi, hawakuambukizwa upya ingawa waliendelea kuingia katika maji yale yale. Jambo hilo lilitia nguvu hoja kwamba mwili wa binadamu unaweza kujijengea kinga dhidi ya minyoo hiyo.

Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi ilizuka Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wachunguzi walilinganisha nyumba za waliougua na za wasiougua, na miongoni mwa mambo waliyoyabaini ni hatari ya kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kuishi.

Mwanafunzi aliyewahi kumwona nyanyake akianika mahindi upya baada ya mvua isiyotarajiwa ana swali la kisayansi mkononi: je, unyevu wa kiasi gani huipa kuvu nafasi ya kutoa sumu, na sumu hiyo huliathiri ini kwa njia gani? Akiliunganisha na somo la kemia ya viumbe alilofundishwa, kisha na kazi ya maabara anayoiomba, ameandika insha ambayo wengine hawawezi kuiandika. Tahadhari ni moja: asiyageuze maisha ya kwao kuwa kilio. Umaskini wa nyumbani haumfanyi mtu mtafiti. Swali alilolitoa huko ndilo linalomfaa.

Aliyekosa nafasi ng'ambo anaweza kufikiria kurudi nyumbani kufanya utafiti wakati wa likizo, lakini hapa pia pana masharti. Utafiti unaohusu binadamu huhitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Anayetaka kuchunguza maji au chakula vijijini mwezi Juni hana budi kuanza kushughulikia vibali mapema mwakani, akiwa na msimamizi aliye nchini.

Wanaosomea udaktari humu nchini nao hawakuachwa nje. Chuo Kikuu cha Nairobi huwaruhusu wanafunzi wa utabibu kusimama kwa muda ili wasome shahada ya sayansi, kwa mfano ya anatomia, kisha warejee. Kilifi nako, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989 kimelea watafiti wengi chipukizi.

Wazazi nao wanafaa kufahamu mambo mawili kabla ya kuuza shamba au kuandaa mchango. Kwanza, programu ya kuaminika kwa kawaida humlipa mwanafunzi. Anayedai maelfu ya shilingi ili “ahifadhi nafasi” atiliwe shaka. Pili, shahada ya biolojia ya miaka minne haimfanyi mtu daktari, wala haitoshi kumwezesha kusajiliwa na Baraza la Madaktari hapa Kenya. Vyuo vingi vya utabibu vya Marekani havipokei wasio raia wala wakazi wa kudumu, na baadhi ya vinavyowapokea hudai ithibati ya fedha za kulipia karo. Kwa kijana kama huyo, utafiti una uzito wa pekee. Mlango wa utabibu ukifungwa huko, kazi aliyoifanya maabarani inaweza kumfungulia ule wa uzamifu katika sayansi au wa afya ya umma, au kumwezesha kuomba utabibu katika nchi nyingine.

Simu ya Juni itakapolia, basi, mzazi asiishie kuuliza kwa nini mwana haji nyumbani. Amuulize fedha za programu hiyo zinatoka wapi, kama masharti ya viza yake yanamruhusu kuifanya, na ni swali gani anakwenda kulichunguza. Maswali hayo hayo, yakiulizwa Oktoba kabla ya fomu ya kwanza kujazwa, yangewaepusha vijana wengi na miezi ya kungoja majibu yaliyokuwa yamekwisha kuandikwa katika masharti.