Unga na Pingili: Kufundisha Maana ya Programu Huria katika Shule ya Msingi

Mwalimu apelekwaye kufundisha katika shule ya kijiji wilayani Kibondo au Kasulu huenda akakuta ofisini kompyuta moja tu, aghalabu iliyokwisha kutumika mahali pengine kabla ya kufika hapo. Wenzake watamtaka achape mitihani, atunze orodha za wanafunzi, na pengine awaonyeshe watoto namna chombo hicho kinavyofanya kazi. Kabla ya kuyafanya hayo hana budi kujiuliza swali moja: programu zilizomo ni za nani, naye ameruhusiwa kuzifanyia nini? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, na kuonyesha jinsi jibu lake linavyoweza kuwa somo kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, hata pale ambapo kompyuta haipo kabisa.

Maana ya programu huria

Programu ni mfululizo wa maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Mtungaji huyaandika kwa maneno na alama ambazo mtu aliyejifunza anaweza kuzisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kisha, kwa programu nyingi, msimbo huo hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzifuata, lakini binadamu hapati maana yake ila kwa taabu kubwa. Makampuni mengi huuza tarakimu hizo peke yake, na msimbo chanzo huuweka siri.

Mfano wa kulieleza jambo hili tunao mashambani mwetu. Jirani akikupa debe la unga wa muhogo, utasonga ugali na kushiba. Lakini unga huo huwezi kuupanda. Ukiisha, itakubidi urudi kwake. Akikupa pingili za muhogo, amekupa uwezo wa kupanda, wa kuchunguza mmea unavyokua, wa kuchagua mashina yaliyo bora, na wa kumpa jirani mwingine msimu ujao. Programu iliyofungwa ni unga. Programu huria ni unga unaotolewa pamoja na pingili zake.

Uhuru huo una sehemu nne, na yafaa mwanachuo azikariri: uhuru wa kuitumia programu kwa kazi yoyote, uhuru wa kuichunguza ili kujua inavyofanya kazi, uhuru wa kuirekebisha, na uhuru wa kuigawa kwa wengine, iwe kama ilivyo au baada ya kurekebishwa. Haki hizo huandikwa katika leseni. Baadhi ya leseni, kama ile iitwayo GPL, huweka na sharti: anayeirekebisha programu kisha akaigawa, naye atoe msimbo chanzo wake kwa masharti yale yale. Kwa njia hiyo, aliyepokea pingili hawezi kuwagawia wengine unga mtupu.

Harakati hizi zilitangazwa mwaka 1983 na Richard Stallman wa Marekani, alipoanzisha mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, alitoa kiini cha mfumo endeshi kilichokuja kuitwa Linux. Kazi hizo mbili, zikiunganishwa na michango ya maelfu ya watu wa nchi nyingi, zimezaa mifumo endeshi ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka katika kompyuta yake.

Hapa mwalimu aangalie asichanganye maneno mawili: huria na bure. Programu inaweza kutolewa bila malipo na bado ikawa imefungwa, kama jirani akupaye kikombe cha unga bila kudai senti. Kadhalika, programu huria inaweza kuuzwa, kama pingili zinavyouzwa sokoni. Jambo la kuuliza ni kile alichoruhusiwa mpokeaji kukifanya baada ya kupokea.

Zana zinazomfaa mwalimu

Kwa kazi za ofisi ipo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010. Humo mwalimu ataandika barua, atatayarisha mitihani, na kupanga alama katika jedwali. Inayo pia kamusi ya tahajia ya Kiswahili, ambayo humwonyesha mwandishi maneno aliyoyakosea. Kwa picha ipo GIMP, na kwa kurekodi sauti, kama vile hadithi za wazee au nyimbo za darasa, ipo Audacity. Watoto wanaoanza kushika kompyuta watafaa kupewa GCompris, ambayo ni mkusanyiko wa michezo ya kujifunza herufi, hesabu, na matumizi ya kipanya na kibodi.

Shule zisizo na intaneti ya uhakika zitafaidika hasa na Kiwix. Programu hii humwezesha msomaji kufungua kamusi elezo ya Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, bila kuunganishwa na mtandao. Mtu mmoja akiipakua mjini Kasulu na kuiweka katika flashi, anaweza kuipeleka Kibondo, na shule kumi zikainakili bila kuvunja sheria yoyote.

Kwa wanaotaka kuchapisha maandishi yao kama blogu ipo WordPress, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, nayo ni huria. Hata hivyo, uhuru wa programu haumwondolei mtu wajibu wake kwa sheria za nchi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu waombe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa kuwa kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, mwalimu aulize kwanza hali ilivyo. Aidha, asichapishe majina wala picha za watoto bila idhini ya wazazi. Gazeti la ukutani lililoandikwa kwa LibreOffice na kubandikwa nje ya darasa ni mwanzo mwema usiohitaji leseni.

Funzo la Jambo OpenOffice

Mwenye programu iliyofungwa ndiye aamuaye itazungumza lugha gani, nasi hubaki kumngoja. Programu huria haimlazimishi mtu kungoja. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, ambayo maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Watafsiri walilazimika kwanza kukubaliana juu ya istilahi, kisha wakatafsiri maelfu ya maneno na sentensi zilizomo ndani ya programu. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa sababu ruhusa ilikuwamo ndani ya leseni.

Lakini kazi hiyo inatufundisha jambo la pili, nalo ndilo tungependa wanachuo walizingatie kuliko yote. Programu hubadilika mwaka hadi mwaka, na kila toleo jipya huja na maneno mapya. Tafsiri isiyoendelezwa huchakaa, kama shamba lililolimwa vizuri msimu mmoja kisha likaachwa. Leseni humpa mtu ruhusa. Haimpi mikono ya kufanyia kazi. Tukiwa na pingili na tusipande, hatutofautiani na yule aliyepewa unga. Walimu, ambao lugha na ufafanuzi ndiyo kazi yao, ni miongoni mwa watu wanaofaa zaidi kuiendeleza kazi ya namna hiyo. Mwalimu asiyejua kuandika msimbo hata mstari mmoja anaweza kutafsiri, kusahihisha istilahi, au kuwaeleza watungaji kasoro aliyoikuta.

Somo la kielelezo

Somo hili ni la vipindi viwili vya dakika 40, nalo halihitaji kompyuta.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aje na kikombe cha unga wa muhogo na pingili tatu. Awaulize wanafunzi: Kipi kitashibisha leo? Kipi kitashibisha mwakani? Kipi tunaweza kukigawa bila kupungukiwa? Majibu yaandikwe ubaoni.

Hatua ya pili. Darasa ligawanywe katika makundi matatu, na fumbo hili liandikwe ubaoni: Mama ana kilo 40 za maharage. Anauza kila kilo kwa shilingi 2,000 na kulipa nauli ya shilingi 5,000. Atabakiwa na kiasi gani? Kundi la kwanza lipewe kadi yenye jibu tu: shilingi 75,000. Kundi la pili lipewe kadi ya maagizo: chukua idadi ya kilo, zidisha kwa bei ya kilo moja, jumlisha nauli. Kosa la agizo la mwisho limewekwa kwa makusudi. Kundi la tatu lisubiri.

Hatua ya tatu. Kundi la pili litapata shilingi 85,000. Makundi mawili yalinganishe majibu, na kundi la pili liachwe litafute lenyewe mahali palipokosewa. Kwa kuwa maagizo yanasomeka, watagundua kwamba nauli yapasa kutolewa, nao wataisahihisha kadi. Kisha mwalimu atangaze kwamba bei imepanda hadi shilingi 2,500. Kundi la kwanza halitakuwa na la kufanya, kwani kadi yao haisemi jibu lilipatikanaje. Kundi la pili litapata shilingi 95,000.

Hatua ya nne. Kundi la pili linakili kadi yake na kulipa kundi la tatu, ambalo litaongeza agizo jipya: toa ushuru wa soko, shilingi 3,000. Jibu litakuwa shilingi 92,000. Juu ya kadi mpya waandike kwamba maagizo ya awali yalisahihishwa na kundi la pili, ili wajifunze kumtaja aliyetangulia kuifanya kazi.

Hatua ya tano. Mwalimu aulize ni lini katika mchezo huo walitumia, walichunguza, walirekebisha, na waligawa. Watoto watakuwa wameutenda kila uhuru kabla ya kuusikia jina lake. Ndipo atakapowaambia kwamba kadi ya maagizo ni mfano wa msimbo chanzo.

Tahadhari

Kila mkulima wa muhogo anajua kwamba pingili zilizochukuliwa ovyo huja na batobato au michirizi ya kahawia. Flashi inayozunguka kutoka kompyuta hadi kompyuta nayo hueneza virusi. Programu ichukuliwe kwa watungaji wenyewe au kwa mtu anayeaminika, na flashi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Pili, ruhusa ya kunakili ni ya programu huria, si ya kila programu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Mwalimu anayekataza wanafunzi kuibiana majibu, naye ofisini anatumia programu iliyonakiliwa kinyume cha leseni, anawafundisha mambo mawili yanayopingana, na watoto huyaona yote mawili.

Tatu, mwalimu asizidishe sifa. Hati iliyoandikwa katika programu moja huenda ikaharibika mpangilio ikifunguliwa katika nyingine. Kwa hiyo nyaraka za kupeleka wilayani zikaguliwe kwanza. Kujifunza zana mpya huchukua muda, na umeme lazima uwepo.

Tunawashauri wanachuo, kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, wajigawe wawili wawili. Kila jozi itayarishe flashi moja safi yenye LibreOffice, GCompris na Kiwix, pamoja na karatasi inayoeleza kwa Kiswahili namna ya kuziweka katika kompyuta. Katika shule watakayofika wamfundishe angalau mwalimu mmoja, na kumwachia nakala. Watakaporudi, waandike maneno ambayo walimu na watoto walishindwa kuyaelewa katika programu hizo. Orodha hiyo ikikusanywa chuoni mwaka baada ya mwaka, itakuwa msingi wa tafsiri itakayofanywa na watu wanaozijua shule zitakazoitumia.