Maji Yaliyomo Ndani ya Kuni

Huenda wasomaji wengine wakashangaa kuona mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaandika habari za kuni, jambo ambalo mama zetu wanalijua tangu utoto wao. Sikatai. Lakini kujua kuwasha moto ni jambo moja, na kujua kwa nini moto huu wawaka vizuri na ule wajaza nyumba moshi ni jambo jingine. Tena moshi huo si adha ya macho tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa maradhi yaletwayo na hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, na kati yao watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Serikali yetu imekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Hilo ni jema sana. Lakini kwetu Njombe mtungi wa gesi ukiisha jioni, kuni ndizo zitakazoivisha ugali.

Jambo kubwa la kufahamu ni kwamba mti mbichi umejaa maji. Katika mzigo wa kuni mbichi wa kilo 20, yawezekana karibu nusu ni maji, na ukuni hauwezi kuwaka sawasawa mpaka maji hayo yatoke. Hapo masomo ya fizikia yanatusaidia. Kupasha maji kutoka nyuzi 20 hadi yachemke kwahitaji kiasi fulani cha joto. Lakini kuyageuza yote kuwa mvuke baada ya kuchemka kwahitaji zaidi ya mara 6 ya joto lile. Basi mwenye kuchoma kuni mbichi ni kama mtu aliyebandika sufuria ya pili pembeni, akayakausha maji yake yote bure, wala hakuna atakayekunywa chai yake. Tena, kwa kuwa moto umepoa, ile hewa itokayo katika mti haiungui, bali hupanda ikawa moshi. Ndiyo kusema moshi ni kuni ambazo hazikuungua.

Likizo ya Juni mwaka jana nilipima kipande cha mwati kilichopasuliwa siku ile ile, kwa mizani ya duka la jirani. Kilikuwa kilo 4. Nikakiweka chini ya upenu, na Desemba nilipokipima tena kilikuwa kilo 2 na robo tatu tu. Nilimwendea bibi kwa furaha kumweleza. Akacheka, akasema, “Mjukuu wangu, kichwa changu kilikwisha kuyapima hayo kabla mama yako hajazaliwa.”

Miwati, ile ambayo magome yake hutumika kutengeneza ngozi, ndiyo kuni bora kwetu, kwa maana ni mizito na makaa yake hukaa. Mkaratusi nao ni mzuri, ila yafaa kuupasua ungali mbichi. Ukikauka mzima utavunja mpini wa shoka. Msindano una utomvu mwingi, huwaka upesi na kutoa masizi, kwa hiyo mimi huona wafaa kuwashia tu. Huko nchi za joto watu wana ua wa mnyaa. Huo usikatwe kuwa kuni, maana maziwa yake yakiingia machoni yaweza kumpofusha mtu.

Lakini kuna kuni moja mbaya kuliko zote, nayo yapendwa kwa sababu ni kavu na hupatikana bure: mabaki ya nguzo za umeme na mbao zilizotiwa dawa. Nyingine zina rangi ya kijani, nyingine ni nyeusi na zanuka. Dawa ile ya kijani mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki, nayo aseniki ni sumu kali. Moto hauiondoi. Nyingine huondoka na moshi, nyingine hubaki katika majivu, na majivu yale mtu akayamwaga kwenye bustani ya mchicha. Mbao za namna hiyo zisiingie jikoni kabisa, hata kama kuni zimekwisha.

Kuni zikishapasuliwa zisilazwe chini, kwa kuwa udongo huzirudishia unyevu na mchwa huzila. Ziinuliwe juu ya mawe au fito mbili, chini ya upenu, upande upitao upepo, na ncha zake zitazame nje, kwani maji hutoka zaidi nchani. Kuzifunika pande zote kwa nailoni ni kuzichemsha, si kuzikausha. Ukitaka kujua kama zimekauka, gonganisha mbili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito kama ya kitu kilicholowa. Watoto wasitumwe kuchukua kuni gizani, maana nyoka na nge hupenda kulala humo. Uchaga wa juu ya mafiga ni mzuri kwa kumalizia kukausha, mradi uwe juu, mbali na ndimi za moto, wala usiwekewe nyasi.

Katika kuwasha, vipande vyembamba viwili au vitatu vyapita gogo moja. Hewa ipite chini yake, majivu ya jana yatolewe, sufuria ifunikwe, mlango na dirisha viachwe wazi. Petroli isiguswe. Mafuta ya taa nayo yasimwagiwe makaa yaliyofifia, kwa maana mvuke wake hulipuka usoni mwa mmwagaji. Aliyeungua amiminiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Mwisho nataka kusema juu ya baridi. Mwezi wa Juni na Julai kwetu umande huganda, na watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango, wakalala. Wanadhani kwa kuwa hakuna moshi hakuna hatari. Makaa yanayofuka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo rangi wala harufu, ambayo hushika katika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huregea, husinzia, na akiwa amelala haamki. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali hata kama amezinduka.

Kwa baridi hiyo yafaa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vema, ikaviringishwa kitambaa na kulazwa miguuni. Makaa yabaki kule jikoni ambako halali mtu, yafukiwe majivu. Bibi huyafukua alfajiri, akaweka vijiti vya msindano, akapuliza mara mbili tatu, na kiberiti hakitafutwi.