Makarani wa mabunge na wakutane, lakini kwa kazi

Kila ikisikika kwamba makarani wa mabunge ya kaunti wamekwenda semina, wananchi wengi hukunja nyuso. Wanachokiona wao ni marupurupu na hoteli za pwani. Siwalaumu, maana kodi ni jasho lao. Hata hivyo, siungi mkono rai ya kwamba mikutano hiyo ifutiliwe mbali.

Jina "karani" huwapotosha wengi. Karani wa bunge si mpiga taipu. Yeye ndiye aketiye mbele ya Spika na kumkumbusha kanuni zasemaje wakati wajumbe wamepandwa na mori. Akimpotosha Spika, huenda kazi ya bunge zima ikaporomoka mahakamani.

Tukumbuke yaliyojiri Embu mwaka 2014. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumng'oa gavana, Seneti ikaafiki, kisha mahakama ikamrejesha kazini. Sisemi kosa lilikuwa la makarani. Nasema kwamba utaratibu ukitiliwa shaka, wananchi hubaki njia panda huku mawakili wakivutana.

Ujuzi wa kuepuka mashaka hayo haupatikani darasani pekee. Thomas Erskine May, mtumishi wa Bunge la Uingereza, alichapisha mwaka 1844 kitabu cha taratibu ambacho hadi leo hurejelewa katika mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola. Mnamo 1932 makarani wa mabunge ya himaya ya Uingereza waliunda chama chao, na jarida lake likawa mahali pa kuelezana jinsi kila bunge lilivyotatua mizozo yake. Waama, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mabunge yetu 47 ya kaunti yalizaliwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Tofauti na Bunge la Taifa, hayakurithi desturi ya miaka mingi, wala hayakuwa na mzee wa kuuliza. Ndiyo sababu naona ni heri karani wa Lamu amjue mwenziwe wa Turkana, amwulize leo jambo litakalomtatiza kesho.

Lakini kukutana pekee hakutoshi. Napendekeza kila mkutano uzae kijitabu cha maamuzi ya Maspika pamoja na sababu zake, kisha kigawiwe kaunti zote. Aidha, karani chipukizi apelekwe katika bunge jingine akae mezani vikao vichache, aone kazi ikitendwa, badala ya kusikiliza hotuba hotelini. Fauka ya hayo, kwa kuwa Kifungu cha 120 cha Katiba kinaitaja Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, makarani wapatane kuhusu istilahi zake.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Anayerudi kutoka semina na aulizwe ameleta nini. Asipokuwa na la kuonyesha, safari inayofuata aende mwingine.