Anayeuza Aulizwe, Anayenunua Awe na Pa Kwenda

Kata ya Olasiti, magharibi mwa jiji la Arusha, ni miongoni mwa maeneo ambako mashamba yamegeuka viwanja na viwanja vimekuwa nyumba. Kaya zinazohamia huko hununua mahitaji yao kwa njia mbili. Nyanya, maharage na mkaa hutoka gengeni na dukani kwa Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, kwa mtu anayejulikana kwa sura na kwa jina. Saruji, vifurushi vya simu na mikopo ya mtandaoni hutoka kwa kampuni ambazo wenye mali yake huenda hawajawahi kukanyaga Olasiti. Hapo ndipo zinapozaliwa imani mbili zinazopingana. Wapo wanaoamini kwamba mfanyabiashara mdogo ni mwadilifu kwa kuwa ni mwenzetu, na kampuni kubwa ni mnyonyaji kwa asili yake. Wapo wanaoshikilia kinyume chake: kampuni ina risiti, nembo ya ubora na vipimo kamili, ilhali mdogo huishi kwa ujanja. Imani zote mbili zinakosea. Haki katika biashara hailetwi na udogo wala ukubwa wa duka. Inaletwa na mambo mawili: anayeuza awe anaweza kuulizwa, na anayenunua awe na pengine pa kwenda.

Tuanze na duka la Mangi, maana ndilo linalosifiwa zaidi. Mteja huandikwa kwenye daftari, akachukua unga na mafuta leo, akalipa mwisho wa mwezi. Mangi mwenyewe huenda alipata sehemu ya mzigo wake kwa mali kauli kutoka duka la jumla: bidhaa kwanza, fedha baada ya kuuza, pasipo wakili wala mkataba. Fedha nyingi huzunguka hivyo kwa neno tu, na mara nyingi neno hilo huheshimiwa. Sababu yake inaeleweka. Mangi akichanganya mchele mbovu na mzuri asubuhi, jioni mteja yuleyule atarudi kutaka maelezo, na asiporidhika ataenda duka la pili, ambalo haliko mbali. Mteja naye akikimbia deni, habari zitamtangulia kila duka la mtaani. Kila upande unaweza kuulizwa na upande wa pili, na hakuna aliyefungwa kwa mwenzake.

Yaondoe mambo hayo mawili, na biashara ndogo hiyohiyo hugeuka dhuluma. Ushahidi uko ndani ya mkoa wetu wa Arusha. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, huvuna zao linalooza. Mnunuzi hufika na lori, gunia likashindiliwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa: mzigo umezidi, bei imebaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo na kanuni zake zinataka mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo umekuwapo tangu mwaka 2002, na lumbesa bado ipo. Katika biashara hiyo hakuna kampuni ya kimataifa. Kuna dalali, mwenye lori na mkulima, katika soko huria kabisa. Lakini mkulima hana pa kwenda kwa kuwa vitunguu havisubiri, na mnunuzi haulizwi kwa kuwa kesho yuko Nairobi au Dar es Salaam. Kinachopotea hapo ni jasho la msimu mzima. Huo ni wizi, na kuuita desturi ya soko hakuufanyi halali.

Kampuni kubwa nayo ina faida isiyopaswa kubezwa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una kipimo kimoja, uwe umenunuliwa Olasiti au Masasi. Hata hivyo, kanuni za maadili zilizoandikwa vizuri hazitoshi. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen, kampuni yenye kanuni hizo na jeshi la wanasheria, iliweka katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 programu iliyotambua gari linapopimwa, ikapunguza moshi wenye sumu kwa muda huo tu. Hiyo ilikuwa mizani iliyochezewa, nayo ilifichwa mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki.

Hapa nchini, saruji yenyewe inatupa funzo. Mwaka 2021 Scancem, mwanahisa mkuu wa Twiga Cement, ilitangaza nia ya kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Tume ya Ushindani iliridhia mwaka 2022. Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani likabatilisha idhini hiyo, kwa kuwa muungano ungevuka kiwango cha asilimia 35 ya soko kinachotajwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Baadaye Tume iliridhia ombi jipya, na mwaka 2024 hisa hizo zikauzwa kwa kundi la Kitanzania la Amsons. Simtuhumu mtu kwa udanganyifu katika mchakato huo. Ninachosema ni kwamba kwa fundi au mjane anayejenga chumba Olasiti kwa kununua mfuko mmojammoja, wingi wa viwanda vinavyoshindana ndio uhuru wake wa kwenda kwingine. Uhuru huo uliamuliwa mbali naye, kwa lugha ya kisheria, na huenda hata hakusikia kwamba kuna shauri.

Wapo watakaosema sheria inatosha. Mchumi wa Marekani Milton Friedman alishikilia katika makala yake ya mwaka 1970 kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida, bora isivunje sheria wala kudanganya. Hoja hiyo ina nguvu pale tu sheria inapomfikia kila mtu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya hapo, wakopaji walikuwa wameshapigiwa simu za vitisho, na ndugu zao wametumiwa ujumbe wa kuwaaibisha. Wananchi waliita mikopo ya namna hiyo kausha damu. Sheria ilifika, lakini ilifika baada ya damu kukauka. Mkopeshaji asiye na ofisi wala sura haulizwi na mtu.

Wengine watasema basi mali irudi mikononi mwa umma, kama lilivyotaka Azimio la Arusha, lililopitishwa katika mji wetu mwaka 1967. Nia ya Azimio ilikuwa njema, na hofu yake juu ya unyonyaji ilikuwa ya kweli. Lakini kampuni za biashara za mikoa zilipobaki karibu peke yake katika usambazaji wa bidhaa, mwananchi alikosa pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari na sabuni zilitoka kwa mlango wa nyuma, hadi mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya walanguzi. Mali ya umma isiyo na mshindani ilileta madhara yaleyale.

Kwa hiyo, tuache kugawana lawama kwa ukubwa wa duka. Halmashauri inayokusanya ushuru wa soko iweke mizani iliyokaguliwa katika kila soko, na ushuru wa mazao utozwe kwa kilo, ili kilemba kisiwe na faida. Tume ya Ushindani itangaze mashauri yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya kuamua. Na wewe msomaji, dai mizani gengeni, dai risiti dukani, na ukiona gunia limeshonewa kilemba, usilinunue.