Ungo wa Kosele

Nilialikwa na shule moja ya sekondari huko Kosele, Homa Bay, nizungumzie msamiati wa sayansi. Nilipotaja darubini ya redio, kijana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, hiyo redio husikia nini huko juu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka; kosa hilo ni la lugha tuliyomfundishia.

Waama, redio haisikii chochote mbinguni. Mawimbi yake ni ndugu wa nuru, ilhali sauti haipiti katika anga tupu. Nalo neno "darubini", tulilolirithi kutoka Kiajemi, maana yake ni kiona mbali. Kumbe Kiswahili kilikuwa sahihi tangu zamani!

Nikaomba ungo kutoka jikoni. Ukiutazama kwa juu ni duara. Ukiushika usawa wa macho huwa mstari mwembamba. Hivyo ndivyo tunavyoiona galaksi iitwayo NGC 891, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 30 hivi. Kwa darubini ya nuru, mstari huo umepasuliwa katikati na ukanda wa vumbi jeusi. Lakini gesi ya haidrojeni hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21, ambayo vumbi haliyazuii. Mwaka 2007, Tom Oosterloo na wenzake, wakitumia darubini ya Westerbork, Uholanzi, walieleza kwamba karibu asilimia 30 ya haidrojeni hiyo haimo katika ungo wenyewe. Imetanda juu na chini yake, tena huzunguka polepole zaidi. Kama galaksi ingetuelekezea uso, tusingeitenga kwa urahisi hivyo.

Ni nani aliyeipepeta? Nyota kubwa zilipukapo huirusha gesi juu, kisha huanguka kama punje. Hata hivyo, hesabu zilionyesha kuwa milipuko peke yake haitoshi kuueleza mwendo huo wa polepole. Yamkini gesi nyingine huingia kutoka nje, na galaksi isiyopata gesi mpya hatimaye huacha kuzaa nyota.

Tanzania huliita dishi la satelaiti ungo. Ghana iligeuza la kwake la Kuntunse kuwa darubini ya redio, iliyozinduliwa mwaka 2017. Letu la Longonot limetajwa kwa kazi hiyo miaka mingi.

Kijana yule ndiye aliyeurudisha ungo jikoni. Mlangoni akageuka: "Na sisi, Mwalimu, tumo katika ungo gani?" Nikamwambia asubiri usiku bila mbalamwezi, aitazame Njia Nyeupe: ni ungo wetu, tunaouona kwa ubavu kutoka ndani.