Jinsia na Tathmini Baina ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Tathmini baina ya wanafunzi ni utaratibu ambapo mwanafunzi humpima mwenzake: huisoma insha yake, huusikiliza uwasilishaji wake au hukadiria mchango wake katika kazi ya kikundi. Wahadhiri wenye madarasa makubwa huutumia kwa kuwa humzoesha mwanafunzi kusoma kwa jicho pevu. Hata hivyo, swali la msingi ni hili: je, alama anayopewa mwanafunzi hutokana na kazi yake au na jinsia yake?

Swali hili si geni. Mnamo mwaka wa 1968, mwanasaikolojia Mmarekani Philip Goldberg aliwapa wanafunzi wa kike wa chuo makala za kitaaluma wazitathmini. Makala zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni jina la mwandishi tu, John katika baadhi ya nakala na Joan katika nyingine. Kwa jumla, kazi iliyodhaniwa kuwa ya mwanamume ilisifiwa zaidi, na waliosifu ni wanawake. Matokeo hayo hayakukosa kuhojiwa. Mnamo 1989, Janet Swim na wenzake walizilinganisha tafiti nyingi za aina hiyo, wakabaini kuwa kwa wastani tofauti ilikuwa ndogo sana. Basi upendeleo haujitokezi kwa kiwango kimoja kila mahali. Hutegemea mazingira na habari alizo nazo mpimaji.

Utafiti wa Daniel Grunspan na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2016, uliangazia darasa lenyewe. Wanafunzi wapatao 1,700 wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliombwa kuwataja wenzao wanaolielewa somo vyema. Wanaume waliwataja wanaume wenzao kupita kiasi walichostahili, hata baada ya alama halisi na uzungumzaji darasani kuzingatiwa. Ni kana kwamba kila mwanamume aliongezewa zaidi ya nusu alama katika kipimo ambacho upeo wake ni 4. Wanawake, kwa upande wao, waliwataja wenzao kwa kufuata ufanisi, wala si jinsia. Aidha, pengo lilipanuka kadiri muhula ulivyosonga.

Madhara yake si haba. Anayesifika kuwa mjuzi ndiye anayeulizwa maswali, anayechaguliwa kuongoza kikundi na anayezidi kujiamini. Mwanafunzi wa kike mwenye uwezo sawa, au hata mkubwa zaidi, huweza kujiona mgeni katika taaluma anayoimudu.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, suala hili lina upande wa kiisimu. Kiwakilishi ‘yeye’ na kiambishi ‘a-’ havibainishi jinsia. Sentensi ‘ameandika vizuri’ haisemi ni nani aliyeandika. Lakini kile ambacho sarufi inakisitiri, jina hukifichua. Hapa Kenya, msomaji akiona Otieno au Atieno, Kipkemboi au Chepkemboi, hutambua jinsia ya mwandishi kabla ya kusoma aya ya kwanza.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kuondoa majina katika kazi zilizoandikwa na kutumia nambari. Hatua hii haisaidii katika mawasilisho ya ana kwa ana, ambako sauti na sura haziwezi kufichwa. Huko panahitajika vigezo bayana vilivyokubaliwa mapema: uzito wa hoja, ushahidi, mpangilio na ufasaha wa lugha, kila kimoja kikiwa na alama zake. Katika kazi ya kikundi, kila mmoja aandike sehemu aliyoifanya, ili anayezungumza sana asihesabiwe kuwa ndiye aliyefanya mengi. Mwisho, mhadhiri azilinganishe alama za wanafunzi na zake mwenyewe, kisha achunguze iwapo pengo lolote linaelekea upande wa jinsia moja.

Tathmini ni mizani, na mizani hukaguliwa kabla ya kupimia. Chuo kinachowakabidhi wanafunzi jukumu la kupimana hakina budi kuwafunza pia kujikagua.